Mzinga wa Mwalimu

Jirani yetu wa Bagira alikuwa akimpiga mke wake kabla ya chakula cha jioni, si baada. Nilijua hivyo kwa sababu nyua zetu zilitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali, na jioni, nilipokuwa nikipuliza makala kwenye babula, jiko letu la mkaa, nilisikia kwanza mlango wao ukifungwa, kisha mkanda, kisha kimya, na mwisho sahani zikipangwa. Alikuwa polisi wa Leta, yaani serikali ya wazungu, mtu mrefu mwenye mabega ya mpagazi, na mtaani wanaume walivua kofia zao alipopita. Mke wake alikuwa wa Mwenga, kule msituni ambako kaka zake walichimba dhahabu. Hapa Bukavu hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumkimbilia.

Sisi tulihamia pale nyumba zikiwa mpya, saruji bado inanuka. Mume wangu alifundisha hesabu kwenye shule ya misheni. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista, najua kushona na kusoma Kifaransa cha katekisimu, na binti yetu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Siku za mwanzo kabisa mume wangu alikwenda kubisha hodi kwa jirani. Alimwambia kwa adabu kwamba sisi upande wa pili hatuwezi kula tukisikia mtu analia. Polisi alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama amemaliza, kisha akampiga mdomoni kwa matraki, rungu lake la kazi. Mume wangu alirudi nyumbani ameshika taya, jino likiwa kiganjani. Kesho yake alikwenda kwa chifu wa mtaa kushitaki, na chifu akamweleza kwamba mambo ya nyumba ya mtu ni ya mtu mwenyewe, na kwamba polisi ni mkono wa Leta. Mwalimu mwenye akili, alisema, hawezi kuung'ata mkono huo. Alicheka kwa maneno yake mwenyewe. Mume wangu hakucheka.

Baada ya hapo, kelele zilipoanza ng'ambo ya ukuta, yeye alikwenda kwenye pipa lake na kuanza kusaga kioo cha darubini.

Kioo hicho alipewa na frère mmoja mzee, bruda wa misheni aliyefundisha sayansi shuleni kwao. Vilikuwa viwili, vya mviringo, vinene, upana wake kama sahani ya chakula. Kimoja unakilaza juu ya pipa lililojazwa mawe, unakinyunyizia maji na unga mkali wa kusagia, halafu unakiweka kile cha pili juu yake na kukisukuma mbele na nyuma, huku unalizunguka pipa polepole. Cha chini kinavimba, cha juu kinaingia ndani kama bakuli lenye kina kidogo mno. Kiangazi chote mume wangu alizunguka pipa. Unga wa kwanza ulilia kama mawe chini ya gurudumu, na kila alipoubadilisha kwa unga laini zaidi, sauti ilipungua. Mimi nilikuwa nikipika katikati ya sauti mbili, ya kioo upande huu na ya mkanda upande ule, na naungama kwamba kuna jioni nilitamani ya kioo iwe kubwa zaidi.

Mwisho kioo kilisuguliwa juu ya lami na unga mwekundu hadi kikang'aa, na frère akakipaka fedha kwa dawa zake za maabara. Fundi bati wa Nyawera alitutengenezea bomba refu, karibu kunifikia kidevuni. Kioo kilikaa chini kabisa ya bomba kikitazama juu, kioo kingine kidogo kilichoinamishwa kiligeuza mwanga pembeni, na mtu aliangalia kwa kitundu cha pembeni karibu na mdomo wake, kupitia lenzi ya hadubini iliyovunjika. Darubini yenyewe ilisimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Majirani waliiita linèti ya mwalimu, miwani ya mwalimu, na jioni za kwanza ua wetu ulijaa watu waliotaka kuuona mwezi. Mama mmoja mzee aliuona, akaondoka, akarudi na mayai.

Lakini mume wangu hakuijenga kwa ajili ya mwezi. Frère alikuwa na kitabu kikubwa cha anga, na ndani yake mlikuwa na ukurasa wa vijiwingu vinne vilivyobanana shingoni mwa nyota zile ambazo wazungu wanaziita Simba. Ukivitazama ni kama moshi wa mshumaa uliozimwa. Kumbe kila kimoja ni ulimwengu wa nyota kama huu wetu wote, kiko mbali mno hata akili inachoka njiani. Frère alimwambia kwamba wataalamu wengine wanadhani vijiwingu vilivyokaribiana namna hiyo vinavutana na kuraruana, na kwamba kimoja katika vile vinne kimepindwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Mume wangu alinisimulia hayo tukila. Kutoka ng'ambo ya ukuta tulisikia kitu kikianguka.

Simba huwa juu ya vichwa vyetu jioni za masika, na masika ndiyo yenye anga safi, kwa sababu kiangazi moshi wa mashamba hufunika kila kitu. Ilibidi tusubiri mvua ikatike na mawingu yarudi upande wa ziwa, na yote hayo kabla ya filimbi ya kuwaingiza watu majumbani. Nilipika mapema, nikafunika makala kwa karai, tukakaa gizani mpaka macho yazoee. Jioni ya kwanza mume wangu aliona viwili. Baadaye akaona cha tatu. Cha nne hakukiona, na alilala akigeukageuka.

Ilikuwa jioni kama hiyo yule mama wa Mwenga alipopita juu ya ukuta. Mume wake alikuwa ameondoka kwenda zamu. Aliketi chini kando ya babula bila kuomba ruhusa, na nilipofunua makala kidogo niliona jicho lake la kushoto limefungwa kabisa, shavu limejaa, na damu imekaukia sikioni. Nilimpa maji ya moto na kitambaa. Mume wangu hakujua la kusema, naye ni mtu ambaye asipojua la kusema hufundisha. Alimuuliza kama angependa kuona.

Alipanda juu ya sanduku tupu la bia, akaweka jicho lake zima kwenye lenzi. Alisema haoni kitu, giza tupu. Mume wangu akamweleza asitazame sawasawa. Kitu hafifu namna hiyo ukikikazia jicho kinapotea, sharti utazame kando yake kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kingine.

"Ile nazoea," alisema bila kuondoa jicho. "Ku nyumba ni vile minamuangariaka bwana yangu."

Alikaa pale muda mrefu. Kisha akasema iko mbili karibu-karibu, sawa mapacha, na ingine kando. Mume wangu aliniangalia gizani. Hatukumwambia chochote juu ya kuraruana.

Tangu hapo alikuja kila mume wake alipokuwa na zamu ya usiku na anga ikiwa wazi. Hakuuliza mengi. Mara moja tu alitaka kujua kama huko nako kuna watu, na mume wangu akajibu kwamba hakuna anayejua. Alifikiri, akasema kama wako, basi wasituone. Aliniambia pia kwamba ametuma ujumbe kwa kaka zake kupitia dereva wa lori, mara mbili, na jibu halijaja.

Mwaka ule wazungu walikuwa wameanza kuogopa. Mji mkuu ulikuwa umechafuka kwa madai ya uhuru, na hata kwetu, mbali hivi, polisi walianza kupekua mabegi ya watu barabarani, na yule aliyejibu kwa kiburi alipigwa palepale mbele ya watoto wake. Nilimwona mwanafunzi wa mume wangu akipigwa teke mpaka akatapika, kisa alikuwa na gazeti la Kifaransa kwapani. Jioni watu walirudi majumbani haraka, na ua wetu haukujaa tena wageni.

Jioni moja polisi hakwenda zamu, au alikwenda akarudi, sikupata kujua. Jua lilikuwa limezama, bomba letu limeelekezwa juu kabisa, na mke wake alikuwa amesimama kwenye sanduku. Mlango wetu wa uani ulipigwa teke ukang'oka bawaba. Aliingia na sare yake yote, kepi kichwani, matraki mkononi. Hakumtazama mke wake hata kidogo. Alimwendea mume wangu, akamuuliza anamwonyesha nini mke wa mtu gizani.

Mume wangu alianza kumjibu. Aliinua mkono kuonyesha juu, kuelekea Simba, na matraki ikamkuta mkono huohuo. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama kuni mbichi inayovunjwa kwa goti. Alianguka kwa magoti, na polisi akampiga mgongoni, kisha shingoni, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyozoea.

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Sufuria ya maharagwe ilikuwa ikichemka juu ya babula, nikaishika kwa mikono mitupu na kummwagia. Ilimpata shingoni na ubavuni. Alinguruma, akanigeukia, akanipiga ngumi hapa, juu ya jicho, ambapo hadi leo nywele za nyusi hazioti. Nilianguka kifudifudi ili mtoto asiumie. Nilipoinua kichwa nilimwona yule mama ameshuka kwenye sanduku. Alikuwa ameshika mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Alimpiga mumewe nyuma ya goti, na alipopiga magoti akampiga tena juu ya goti lenyewe, na mara ya tatu palepale. Hakupiga kelele. Mwanamume yule ndiye aliyelia, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Sasa ubakie chini," alimwambia.

Halafu akaketi, akaweka mchi mapajani, akasubiri waje kumkamata.

Askari walikuja wengi, na bunduki. Mtu alikuwa amewaambia, au wao wenyewe walijiambia, kwamba mwalimu wa Bagira ameficha mzinga uani. Na kweli, ukiliona gizani bomba lile limeelekea mbinguni juu ya miguu mitatu, lilikuwa kama mzinga. Sajenti aliamuru itafutwe baruti ndani yake. Askari mmoja alichungulia kwa tochi, akaona uso wake mwenyewe chini kabisa ukimtazama, akashtuka, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Kioo cha kiangazi kizima kikapasuka vipande vitatu. Mume wangu alikuwa amelala chini wakimfunga kamba, mkono uliovunjika ukiwa umepindishwa nyuma pamoja na ule mzima, na nilimsikia akisema taratibu, kwa Kifaransa, kwamba ni kioo tu. Walimpiga kwa sababu ya Kifaransa.

Mume wangu na yule mama waliwapeleka wote wawili buloko, yaani jela. Mimi waliniacha kwa ajili ya mtoto. Kule ndani mume wangu alichapwa fimbo ya ngozi ya kiboko asubuhi, mbele ya wafungwa wengine waliopangwa mstari, huku mkono wake haujafungwa hata ubao. Alivua shati mwenyewe kwa mkono mmoja. Hayo sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na mfungwa mwingine, ambaye alisema pia kwamba aliyechapa alikuwa rafiki wa jirani yetu, na hakuharakisha. Yule mama aliwekwa chumba cha wanawake. Walimnyima chakula, lakini huko wanawake wa magendo, waliokamatwa na pombe ya kienyeji, waligawana naye chao.

Nilikwenda kwa frère nikiwa na jicho limeziba. Mzee yule aliniangalia, akavaa kofia yake, akatembea kwa mguu hadi uani kwetu. Aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, akavitia katika gunia, akabeba bomba begani kama mtu abebaye mgomba, tukashuka naye hadi Ibanda kwenye ofisi ya administrata, mzungu aliyetawala wilaya. Aliingia peke yake. Nilimsikia kutoka barazani akipaza sauti, jambo ambalo watoto wa shule hawakuwahi kulisikia. Baadaye administrata alitoka nje, akalipinduapindua bomba, akatia mkono ndani, akanusa vidole vyake. Aliniuliza kwa Kiswahili cha amri kama mume wangu ni mtu wa siasa. Nilimjibu kwamba ni mtu wa hesabu.

Walimwachia. Hakuna aliyesema samahani. Mkono ulikuwa umekaa muda bila kuungwa, na hospitalini, walipouunga, ulishika vibaya; kiwiko kilibaki kimepinda, na vidole viwili havikukunjika tena. Mgongo wake niliupaka mafuta kila siku, na kila siku alinitaka nifunge dirisha kwanza.

Yule mama waliamua arudishwe kwa mumewe, ambaye alikuwa ametoka hospitalini akitembelea gongo. Walimleta askari wawili mchana kweupe, wakamwacha mlangoni kama mzigo. Mtaa mzima ulisimama kuangalia. Nilidhani nitamsikia akifa usiku ule. Lakini lori la Mwenga lilikuwa limeshafika mjini asubuhi hiyo, na kaka zake watatu walikuwa wakipanda Bagira kwa miguu wakiuliza nyumba ya polisi. Dereva alikuwa amefikisha ujumbe, ila wao hawakupewa ruhusa mgodini, mwishowe walitoroka.

Walikuwa watu wafupi, wapana, mikono imepasuka kwa mawe na maji. Mkubwa wao alibisha hodi. Polisi alitoka na bastola ya kazi, akawaambia warudi msituni. Mkubwa alimshika kifundo cha mkono na kukisokota, bastola ikalia mara moja, risasi ikaingia kwenye paja la yule wa katikati. Basi wakamwangukia. Walimpiga kwa ngumi na kwa gongo lake mwenyewe, wakamburuza hadi barabarani, wakaendelea pale kwenye vumbi. Watu wa Bagira, ambao walizoea kuvua kofia, walitengeneza duara na hakuna aliyeingilia. Baadhi ya wanawake walimtemea mate. Mimi nilisimama nao. Sikutema, lakini sikuondoa macho.

Dada yao ndiye aliyewasimamisha. Alitoka na mfuko wake, akapita katikati, akamwambia mkubwa, "Muache. Akikufa hapa, batatufata mpaka ku Mwenga." Akafunga paja la kaka yake kwa kitenge. Kabla hawajashuka alikuja mlangoni kwangu, akanishika mikono yote miwili, akaniambia nimsalimie mwalimu, kwani mume wangu alikuwa ndani na hakutaka kutoka. Polisi hakufa. Alihamishwa baadaye, na nyumba yao ikapewa mwashi mwenye watoto wengi.

Ungedhani kwamba baada ya hapo kukawa na amani kwetu. Mume wangu alirudi shuleni, akaanza kuwachapa wanafunzi, yeye ambaye hakuwahi kushika fimbo. Alichapa kwa mkono wa kushoto, vibaya, popote. Nyumbani hakutaka lizungumzwe bomba lile lililokuwa limelala chini ya kitanda. Jioni moja chumvi ilizidi kwenye sombe. Alisimama, akainua mkono, ule wa kushoto, na mtoto alikuwa magotini pangu.

Sikusogea. Nilimwambia, "Papa, usinifanye nikuogope. Namujua muke mwenye kuogopa, na mimi sitakuwa ule."

Mkono ulibaki juu kwa muda. Kisha akatoka nje, kwenye mvua, akasimama uani hadi akalowa kabisa. Hakuomba msamaha siku ile. Aliporudi alikuwa akitetemeka, nikamvua shati, na kwa mara ya kwanza hakunitaka nifunge dirisha.

Frère alikuwa na kioo kingine. Nilikwenda kukichukua mwenyewe. Nilikiweka juu ya pipa, nikamwaga maji na unga, nikaanza kusukuma, na mume wangu, aliyekuwa ameketi kibarazani amenipa mgongo, alivumilia kidogo tu kisha akasema ninasukuma kwa nguvu sana upande mmoja. Tangu hapo alifundisha kwa mdomo nami nikasaga kwa mikono. Kilichukua muda mrefu kuliko cha kwanza. Tuligombana juu ya kila unga. Shuleni, frère aliniambia, fimbo ilirudi kabatini, si kwa siku moja, bali polepole.

Masika yaliyofuata niliviona vitatu. Cha nne nadhani nilikiona jioni moja, ukungu mrefu uliopinda, lakini nilipomwita mume wangu aje, wingu lilikuwa limeshapita, na sijawahi kuapa.

Yule mama alikuja kututembelea mara moja tu, amebeba mkungu wa ndizi na samaki wa mto waliokaushwa. Alikuwa amenenepa. Alisema anachuja mchanga wa dhahabu pamoja na kaka zake, kwamba yule wa katikati anachechemea, na kwamba wanaume wawili wamemposa akawakataa wote. Alitaka kutazama tena. Tulitoa bomba uani, lakini mvua ilianza na haikukatika. Tukakaa ndani, tukala samaki wake, naye akamfundisha binti yangu wimbo wa kwao wa kuchezesha vidole. Asubuhi mume wangu alimsindikiza hadi kwenye lori, akimbebea mfuko kwa mkono uliopinda.